Si Milima Iliyoifunga Ladakh

Nilipoanza kusoma kuhusu Ladakh, kule kaskazini mwa India kwenye milima ya Himalaya, nilitarajia stori ya watu waliojitenga na dunia. Wapi!

Leh, mji wake mkuu, uko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na bado ulikuwa soko moto. Misafara ilitoka Yarkand ikivuka njia ya Karakoram, zaidi ya mita 5,500 juu. Tibet ilileta chumvi na sufu laini ya mbuzi, ile ya kufumia shali za Kashmir. Mkataba wa 1684 uliipa Ladakh haki ya pekee ya kununua sufu hiyo kutoka Tibet magharibi. Utajiri huo ulitamaniwa: mwaka 1834 jeshi la Wadogra kutoka Jammu likavamia.

Na dini je? Hadi leo, msikiti wa sokoni Leh uko chini tu ya jumba la wafalme Wabudha. Wote walihitaji soko lilelile.

Sasa cheki kilichoua biashara. India na Pakistan ziligawanywa 1947, Wakomunisti wakaishika China 1949, halafu India na China zikapigana 1962. Njia zikafungwa. Siku hizi Leh inategemea sana wanajeshi na watalii.

Kwa hivyo mtu akikuambia watu wa mahali fulani wako nyuma juu ya jiografia, usimeze tu. Muulize: barabara yao ilifungwa na nani?