Boha ya Mkumbara

Mtu wa Ireland aijuaye pombe nyekundu ya kwao haionji kabla ya kuitazama. Huiinua bilauri mbele ya mwanga akitafuta wekundu wa shaba, uliotokana na shayiri iliyokaangwa. Kisha hunusa harufu ya sukari iliyounguzwa, na mwisho hungojea ule ukavu ubakiao ulimini utamu ukishapita. Katika mji wa Kilkenny, John Smithwick alianza kazi hiyo mwaka 1710. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 2013, lakini jina lake lingali likisomwa juu ya chupa.

Boha, pombe ya miwa ya Usambara, haina chupa wala jina la mtu. Hata hivyo nadhani yastahili kupimwa kwa jicho, pua na ulimi vivyo hivyo.

Mkumbara iko chini ya milima, katika tambarare kavu ya mto Mkomazi. Reli iliyotoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikapita hapo kuelekea Moshi. Wajerumani wakatandika kamba za chuma angani ili kuteremsha mierezi ya Shume hadi stesheni. Mkonge nao, ambao Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, ulieneza mashamba katika nchi yote hiyo, na manamba wakaja kutoka mbali kukamilisha vipande vyao vya siku thelathini. Mbao zilipimwa, na mkonge ukapimwa. Pombe waliyokunywa watu wale iliingia katika mafaili ya serikali kwa habari za leseni na ulevi. Ladha yake haikuwa shauri la ofisi.

Miwa humenywa, ikatwangwa na kukamuliwa. Maji yake hutiwa chunguni pamoja na tunda kavu la mwegea, ambalo likiwa bichi ni sumu, lakini likikaushwa hushika hamira na kutumika tena na tena. Moto hauhitajiwi. Kwa hiyo boha haipati wekundu wa Ireland: rangi yake ni ya manjano iliyofifia, yenye ukungu na povu jepesi. Harufu ni ya muwa uliokwisha kuanza kuchacha. Ndugu halisi wa pombe ya Kilkenny yuko mwisho wa reli ile ile, Kilimanjaro: mbege, yenye rangi ya udongo, iliyotengenezwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, na kutiwa uchungu kwa gome la msesewe mahali pa hopi.

Boha changa ni tamu mno, kinywaji cha wasio na subira. Ikishinda usiku, utamu hurudi nyuma na ukali hutangulia, na hapo ndipo wazee huisifu. Ikikawia tena huwa siki. Kwa sababu hiyo, miongoni mwa mazao yote ya Mkumbara, hilo halikuweza kupakiwa garini.