Bonde, Bwawa na Lambo: Historia ya Maneno ya Akiba ya Maji Katika Nchi ya Mto Kagera

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno machache yatumiwayo katika kazi ya kuhifadhi na kugawa maji, hasa wakati wa ukame. Mifano mingi imetolewa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Mkoa wa Kagera, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba shabaha yetu si kubishania maneno kwa ajili ya maneno. Mvua ikinyesha vizuri, neno lenye kasoro halimdhuru mtu. Ukame ukiingia, kasoro ya neno hugeuka kuwa kasoro ya kazi: mtendaji husoma waraka akaelewa jambo moja, na mwananchi akasomewa waraka uleule akaelewa jambo jingine.

Mto Kagera hupata maji yake katika milima ya Rwanda na Burundi. Mito ya Nyabarongo na Ruvuvu hukutana juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, kisha maji huelekea kaskazini yakiwa mpaka wa Rwanda na Tanzania, yakipita polepole katika mafunjo na vijiziwa vingi. Pembeni mwa Kyerwa mto hugeuka mashariki ukawa mpaka wa Uganda na Tanzania, ukapita Murongo, na mwishowe ukaingia Ziwa Viktoria. Eneo lote linalouletea maji ni karibu kilomita za mraba 60,000, nalo limegawanyika kati ya nchi nne. Ufukoni Bukoba mvua hufikia milimita 2,000 kwa mwaka, lakini Karagwe na Kyerwa, zilizo mbali na ziwa, hupata kiasi cha nusu tu ya hizo. Kwa hiyo watu wa huko hawahitaji kufundishwa maana ya kiangazi.

Wageni walipofika, walianza kwa kutoa majina. Mwaka 1861 Speke na Grant walipokelewa na Mukama Rumanyika wa Karagwe, wakaliita ziwa dogo lililokuwa karibu na makao yake Little Windermere, kwa kukumbuka ziwa la kwao Uingereza. Mwaka 1876 Stanley alifika hukohuko, akauita mto wenyewe Alexandra Nile. Majina hayo yamebaki vitabuni. Wenyeji waliendelea kuteka maji katika maziwa na mito waliyokwisha kuyapa majina zamani. Funzo lake kwetu ni kwamba jina litolewalo na asiyeteka maji haliishi, isipokuwa linapotiwa nguvu na ofisi. Neno la kwanza tutakalolichunguza ni la namna hiyo.

Neno hilo ni bonde. Sheria ya maji ya mwaka 1974 ilirekebishwa mwaka 1981, na kuanzia hapo nchi yetu ikagawanywa katika mabonde tisa ya usimamizi wa maji, mojawapo likiwa Bonde la Ziwa Viktoria ambamo Kagera imo. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Burundi, Rwanda na Tanzania zilikuwa zimetia saini huko Rusumo mkataba wa kuunda shirika la kusimamia na kuendeleza bonde la Mto Kagera. Uganda ilijiunga mwaka 1981, na shirika likavunjwa mwaka 2004.

Waliofasiri nyaraka hizo walikabiliwa na neno la Kiingereza ambalo asili yake ni chombo cha kutilia maji. Kifaransa hufanya vivyo hivyo. Kiarabu nacho hutumia neno lenye maana ya birika kinapotaja eneo la Mto Nili, na neno hilohilo ndilo lililotupatia hodhi. Lakini hodhi yetu imebaki kuwa chombo tu. Badala yake tulichukua bonde, yaani nchi ya chini iliyo kati ya vilima. Uteuzi huo ulikuwa rahisi, nao umekwisha kuenea; lakini umeacha nje nusu ya jambo. Mkulima wa migomba aliye mgongoni mwa kilima huko Kyerwa akisikia kwamba wakazi wa bonde wana wajibu wa kutunza maji, huona kwamba wanasemwa wale walio chini, karibu na mafunjo. Kumbe mvua inyeshayo shambani kwake ndiyo imwagikayo mtoni, na udongo utokao shambani kwake ndio ujazao tope mabwawa ya chini. Yeye ni mtu wa bonde kisheria, lakini neno lenyewe humwambia kwamba hayumo.

Bahati njema, wataalamu wa maji wenyewe wamekwisha kupata tiba. Hutumia neno kidakio, kutokana na kitenzi daka, kwa eneo linalodaka mvua na kuipeleka katika mto fulani. Hilo ni neno jema. Linataja tendo, si sura ya nchi. Na mtu wa kilimani hulielewa bila kamusi, kwa maana kilima ndicho kidakacho.

Neno la pili, bwawa, lina matatizo makubwa zaidi. Tangu zamani bwawa ni maji yaliyotuama, pengine yenye matete na kinamasi. Ujenzi wa Nyumba ya Mungu, Kidatu na Mtera ulipoanza kuandikwa katika magazeti yetu, neno hilo lilibebeshwa mizigo miwili mingine: ukuta unaozuia maji, na akiba ya maji iliyo nyuma ya ukuta huo. Kwa hiyo tunaposoma kwamba bwawa limepasuka, ni ukuta. Kwamba bwawa limejaa, ni maji. Na kwamba bwawa lina samaki, huenda halijajengwa na mtu yeyote.

Je, bwawa likikauka? Tuchukue mfano wa Mtera katika Mto Ruaha Mkuu, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1980. Maji yakijaa hufikia mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na yakishuka hadi mita 690 kituo hakitakiwi tena kuyatumia kuzalishia umeme. Chini ya kiwango hicho bado kuna maji mengi: mvuvi ataona mtumbwi wake unaelea, na mfugaji atanywesha ng'ombe. Mkuu wa kituo, kwa upande wake, atasema hana maji. Wote wawili wanasema kweli, ila lugha haijawapa maneno mawili. Yafaa basi tuseme akiba hai kwa maji yaliyo juu ya kiwango cha chini cha matumizi, na akiba mfu kwa yaliyo chini yake. Ukame wa miaka ya 1990, na ule wa 2005 hadi 2006, ulituletea mgao wa umeme. Tangu hapo neno mgao, ambalo asili yake ni fungu analopewa kila mwenye haki, limekuwa kwa watu wengi jina la kukosa. Afisa atangazaye leo mgao wa maji kijijini, akiwa na nia ya kueleza haki ya kila mmoja, asishangae watu wakiguna.

Maji ya Kagera yenyewe yanatufundisha jambo jingine, nalo ni tofauti ya ziwa na bwawa. Ziwa Viktoria ni ziwa la asili, na Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo humo. Lakini mwaka 1954 ulipofunguliwa ukuta wa Owen Falls huko Jinja, mlango wa kutokea maji ulitiwa mkononi mwa watu. Kanuni iliwekwa: maji yatolewayo yafuate kimo cha ziwa, kama yalivyokuwa yakitoka yenyewe kabla ya ujenzi. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka kwa zaidi ya mita moja. Ukame ulikuwapo, lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na kutoa maji kupita kanuni ili kuzalisha umeme. Bandari ndogo na mabomba ya kuvutia maji yaliachwa juu. Hivyo basi, ziwa lilikwisha kuwa bwawa pasipo kubadilishwa jina, na mwananchi aliyelaumu mvua peke yake alikuwa amepotoshwa kwa kiasi fulani na neno. Kinachotofautisha bwawa na ziwa ni mkono ulio mlangoni. Palipo na mkono pana kanuni, na palipo na kanuni pana mtu wa kuulizwa.

Haki ya kuweka mkono huo nayo ina historia. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri ulitaka kazi kubwa za maji katika Nili na maziwa yake zisifanywe bila idhini ya Misri. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika ilitangaza kwamba haifungwi na ahadi hizo zilizotolewa na mkoloni. Shirika la Kagera lilizaliwa katika uhuru huo. Mpango wake mkubwa ulikuwa kujenga Rusumo ukuta wenye bwawa pana. Baadaye, ilipoonekana kwamba maji yangefunika makazi na mashamba mengi, mpango ulipunguzwa. Mtambo wa megawati 80, unaogawiwa Burundi, Rwanda na Tanzania, uliokuwa ukizalisha umeme kufikia mwaka 2024, hutegemea maji yapitayo wala si akiba kubwa. Huko chini, kati ya Murongo na Kikagati, kituo kidogo kilichojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya machimbo ya bati kiliharibiwa katika vita vya 1979. Kilichojengwa mahali pake miaka ya karibuni nacho hutegemea mtiririko. Mitambo ya namna hii tungeiita mitambo ya mtiririko, ili asiwepo mtu wa kudhani kwamba nyuma yake kuna akiba ya kutukinga na kiangazi.

Akiba ya Karagwe na Kyerwa iko wapi, basi? Iko katika mafunjo yanayopunguza mwendo wa mto, katika maziwa madogo kama Rwakajunju na Burigi, na katika malambo. Lambo ni neno la tatu, nalo halina kasoro: ni bwawa dogo la udongo lililochimbwa au kuzuiwa kwa tuta ili kukinga maji ya mvua, hasa kwa mifugo. Limezungukwa na ukoo mzima wa maneno ya kazi. Kuna tuta lenyewe. Kuna utoro, yaani njia ya pembeni ambako maji yaliyozidi hutoroka yasije yakabomoa tuta. Kuna birika la kunyweshea mifugo, lijengwalo nje ili ng'ombe wasiingie majini. Katika kilimo cha umwagiliaji kuna banio, panapobanwa maji ya mto ili yaingie mfereji. Maneno haya yana harufu ya koleo, na hakuna asiyeyaelewa. Kamati ya lambo ikiandika kwamba utoro umeziba au tuta linavuja, fundi hujua la kufanya kabla hajafika.

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali:

1. Bonde libaki kuwa jina la eneo la utawala wa maji; eneo linalodaka mvua liitwe kidakio, na mafunzo vijijini yaanze na neno hilo.
2. Bwawa litumike kwa maji yaliyozuiwa tu. Kizuizi kiitwe ukuta kikiwa cha zege au mawe, na tuta kikiwa cha udongo.
3. Taarifa za ukame zitaje kimo cha maji na akiba hai iliyobaki. Neno kukauka liachiwe mahali pasipo na maji.
4. Kila tangazo la mgao litaje kanuni inayofuatwa, fungu la kila mtumiaji, na ofisi inayohusika.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imewapa wananchi nafasi katika jumuiya za watumia maji na kamati za vidakio. Nafasi hiyo haitumiki kwa ukamilifu iwapo waliomo kikaoni hawana jina moja la kitu kimoja. Wasomaji walio Karagwe, Kyerwa na kwingineko wanaombwa watuletee maneno yatumikayo katika malambo na mifereji yao. Huenda mengi tunayoyatafuta ofisini yamekwisha kusemwa huko, kando ya birika, ng'ombe wakinywa.