Kiti cha Mwamuzi: Historia ya Michezo ya Hadithi Isiyo na Msimamizi

Mchezo wa kwanza wa uigizaji wa mezani kuuzwa madukani, yaani mchezo ambao watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akachukua nafasi ya mhusika wa kubuni na kutamka anayoyatenda mhusika huyo, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, nao ulimtaka mmoja wa wachezaji asiwe na mhusika wake. Huyo ndiye msimamizi: alichora ramani ya mapango kabla wenzake hawajafika, akaficha maadui na hazina ndani yake, akasema kwa niaba ya kila kiumbe ambacho wachezaji wangekutana nacho, na neno lake kuhusu lililotokea na lisilotokea lilikuwa la mwisho. Kwa takriban robo karne wabunifu wengi walikichukulia cheo hicho kuwa sehemu ya maumbile ya mchezo wenyewe, ilhali asili yake haikuwa sanaa ya kusimulia hadithi bali mafunzo ya jeshi.

Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg Heinrich von Reisswitz, akiendeleza kazi iliyoanzishwa na baba yake, alitoa kanuni za Kriegsspiel, mchezo wa kufundishia vita uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000. Pande mbili zilizopambana ziliandika amri zao na kumkabidhi mwamuzi, ambaye ndiye pekee aliyeuona uwanja wote. Mwamuzi alikokotoa hasara kwa dadu na majedwali, kisha akauarifu kila upande yale tu ambayo kamanda aliye vitani angeweza kuyaona. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa uzoefu wake mwenyewe, na hapo mamlaka yake yakakosa mpaka. Wazo hilo lilifika Marekani kupitia Strategos, kitabu cha Charles Totten cha mwaka 1880, ambacho mwishoni mwa miaka ya 1960 kilimwangukia mikononi David Wesely, mpenzi wa michezo ya vita wa jimbo la Minnesota. Wesely aliendesha mchezo alioupa jina la Braunstein, ambamo badala ya kumpa kila mchezaji jeshi alimpa mtu mmoja mwenye malengo yake ndani ya mji. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji hao, aliihamishia mbinu hiyo katika nchi ya kubuni ya Blackmoor, na ushirikiano wake na Gary Gygax ukazaa Dungeons & Dragons, ule mchezo wa 1974, uliotoka kwa nakala 1000 za kwanza.

Haitakuwa haki kusema kwamba cheo hicho kilirithiwa bila sababu. Mchezo wa kupekua mapango hutegemea siri, na siri huhitaji mtunzaji, kwa kuwa mtego unaojulikana na wote hauwezi kumnasa mtu. Hata hivyo siri ni chanzo kimoja tu cha mshangao. Mtu hushangazwa pia na mwenzake aliye huru kusema asilolitarajia, na mshangao wa aina hii ulikuwa na wataalamu wake waliofanya kazi mbali kabisa na kambi za jeshi. Jijini Paris mwaka 1925 kundi la washairi na wachoraji waliomzunguka André Breton walianza kuandika sentensi kwa zamu kwenye karatasi iliyokunjwa ili mwandishi mmoja asione neno la aliyemtangulia. Viola Spolin alichapisha mwaka 1963 mazoezi yake ya uigizaji wa papo kwa papo, yaani uigizaji usio na maandishi ya kukariri, na mwaka 1979 Keith Johnstone akaandika katika kitabu chake Impro kwamba mwigizaji anayehangaika kuwa mbunifu hujikwaa, wakati anayesema lile lililo wazi kwake na kulipokea lile alilopewa na mwenzake huifikisha hadithi mbali.

Mito hiyo miwili, wa mwamuzi wa kijeshi na wa ubunifu wa papo kwa papo, ilichelewa kukutana. Ars Magica wa mwaka 1987 ulipendekeza wachezaji wapokezane usimamizi, lakini kila kikao kilibaki na msimamizi wake. Hatua iliyo dhahiri zaidi ilikuja Uingereza mwaka 1998, James Wallis alipotoa mchezo wa Baron Munchausen, ambamo wachezaji ni makabaila wa karne ya 18 wanaoshindana kwa uongo wa safari zao. Mmoja humtaka mwenzake aeleze kisa kisichoelekea kuwa cha kweli, na wasikilizaji wanaweza kumkatiza kwa kuweka sarafu mezani pamoja na pingamizi. Msimulizi akilikubali pingamizi huitwaa sarafu na kulifuma ndani ya kisa chake, na akilikataa hulazimika kulipa ya kwake. Kazi ya mwamuzi imefanywa hapo na sarafu. Universalis, wa Ralph Mazza na Mike Holmes wa mwaka 2002, uliipanua njia hiyo hadi kila jambo linalotiwa katika hadithi, liwe mtu, mahali au tukio, likawa na bei, na mabishano yakaamuliwa kwa dau.

Ugumu uliojitokeza haraka ulikuwa huu: mchezaji anayejitungia tatizo na kisha kujitungia utatuzi wake huchoka upesi, kwa kuwa hakuna kinachompinga. Kanuni inayoitwa kwa jina la mbunifu Paul Czege inasema kwamba mambo hayo mawili yasiwe mikononi mwa mtu mmoja, na Ben Lehman aliijengea nyumba katika Polaris, mwaka 2005. Wachezaji wanne huketi pande nne. Anayecheza shujaa huelekeana na anayecheza kila kinachomwangamiza, na wawili wa pembeni huwachukua watu wengine wa maisha yake, kisha majukumu huhama hadithi inapohamia kwa shujaa mwingine. Shujaa na mpinzani wake hujadiliana kwa maneno maalumu tu, kila sharti likijibiwa kwa sharti, na mchezo una maneno yasiyobadilika ya kufungulia na kufungia, jambo ambalo msomaji aliyelelewa na paukwa na pakawa hatahitaji kuelezwa nguvu yake.

Fiasco, wa Jason Morningstar wa mwaka 2009, ndio uliowapeleka watu wengi kwenye meza isiyo na msimamizi. Wachezaji 3 hadi 5 husimulia mipango ya uhalifu inayoharibika kwa tamaa na pupa, kwa mtindo wa filamu za ndugu Coen. Kila mtu huleta dadu 4, mbili za rangi moja na mbili za nyingine. Zikirushwa mwanzoni, huamua nani ana uhusiano gani na nani, na kitu gani kinatamaniwa. Zamu ya mchezaji ikifika huchagua moja kati ya mawili: ama aanzishe onyesho na wenzake waamue kama litaishia vizuri au vibaya, ama wao waanzishe na yeye aamue, na rangi ya dadu inayotolewa ndiyo hukumu. Mwishoni kila mmoja hurusha dadu alizobaki nazo na kutoa jumla ya rangi moja katika ile ya pili. Anayekaribia sifuri huangamia, kwa hiyo aliyepata mabaya matupu huweza kunusurika kuliko aliyepata mchanganyiko. Ni hesabu ya kitoto, lakini inabeba mtazamo mzima wa maisha, na wasimamizi wengi wasingeithubutu.

Ni kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba michezo hii imefuta mamlaka. Microscope wa Ben Robbins, wa mwaka 2011, ni mkali kuliko msimamizi yeyote: wachezaji hutunga historia ya karne nyingi, wakiruka mbele na nyuma watakavyo, na anayeongeza kipindi au tukio husema peke yake, bila mwenzake kuruhusiwa hata kumpendekezea. Makatazo hayo humlinda mnyamavu, ambaye katika kamati ya kirafiki humezwa na wenye sauti kubwa. Avery Alder wa Kanada alilishughulikia jambo hilohilo kwa upande wa pili katika The Quiet Year, mwaka 2013, mchezo wa jamii ndogo inayojijenga upya ndani ya majuma 52, kila juma likifunguliwa kwa karata moja na ramani ikichorwa na wote kwenye karatasi moja. Hapo anayehisi kwamba uamuzi umepitishwa bila yeye kushauriwa huchukua kipande cha kuashiria kinyongo na kukiweka mbele yake, kikaonekana na wote bila neno kusemwa.

Wabunifu wengine walichagua kuikabidhi bahati kazi ya msimamizi. Mythic wa Tana Pigeon, wa mwaka 2003, na Ironsworn wa Shawn Tomkin, wa mwaka 2018, humruhusu mchezaji kuziuliza dadu maswali, naye akatafsiri jibu, kiasi kwamba anaweza kucheza peke yake.

Lakini hata katika meza zenye usawa ulibaki msimamizi mmoja asiyetajwa, naye ni yule aliyenunua kitabu, akakisoma, akawafundisha wenzake na kuulizwa kila walipokwama. For the Queen, wa Alex Roberts, uliotoka mwaka 2019, ulimwondoa huyo pia. Hauna kitabu cha kusomwa kabla: kanuni zimeandikwa kwenye karata, na wachezaji huzisoma kwa sauti kwa kupokezana, kila mmoja akijifunza pamoja na wengine, kisha zinafuata karata za maswali kuhusu malkia anayesafiri katikati ya vita, na kila anayefungua karata hujibu kwa niaba ya mhusika wake, hadi inapotokea ile ya mwisho, inayoeleza kwamba malkia ameshambuliwa na kumtaka kila aliyeketi mezani aseme kama atamtetea.