Bageti ya Kjellberg na chuma ya Kindu



Kwenye mkutano uliopita baba mmoja alisimama akatuuliza: «Pesa ilitosha posti mbili za kusudere. Mbona mmenunua moja tu, ingine mkaimalizia kwa kofia za vioo, bageti na mafunzo?» Swali ni la haki, maana pesa ni ya wote. Kwenye mkutano tulijibu haraka haraka. Hapa tunajibu polepole, na tunaanzia mbali kidogo.

Kindu ni mji uliokua kwa sababu ya chuma. Kampuni ya CFL ilianzishwa mwaka 1902, na reli yake ya Kindu mpaka Kongolo ikamalizika mwishoni mwa 1910. Kutoka hapa kushuka mpaka Ubundu, ambayo zamani iliitwa Ponthierville, watu na mizigo walipanda masuwa za mvuke juu ya Lualaba. Kule Ubundu walipanda tena treni mpaka Kisangani, kwa sababu ya maporomoko.

Masuwa za wakati ule ziliungwa kwa riveti. Riveti inapashwa moto mpaka iwe nyekundu, inapitishwa kwenye tundu la mabamba mawili, halafu inagongwa kichwa ingali na moto. Ikipoa inakaza. Ni kazi ya nguvu, na inadumu. Lakini kila riveti ni tundu, na kila tundu linaweza kuvuja siku moja. Penye boila, lile tangi la mvuke, kuvuja ni hatari kwa watu wote walio ndani ya masuwa.

Shida hiyo haikuwa ya Kongo peke yake. Kule Uswidi, Oscar Kjellberg, aliyezaliwa 1870, alifanya kazi ya injinia ndani ya meli za mvuke, akachoka kuona namna boila zilivyotengenezwa vibaya. Kusudere kwa umeme kulikuwa kumeshajulikana, lakini watu walitumia waya wa chuma mtupu. Chuma ikiyeyuka inakunywa hewa. Ikipoa inabaki na matundu madogo ndani na inavunjika upesi. Kwa macho unaona kazi imeshika, kumbe haina nguvu.

Mwaka 1904, katika mji wa bandari wa Göteborg, Kjellberg alianzisha kampuni ya ESAB. Dawa aliyoipata ilikuwa nyepesi: alichovya waya ndani ya uji mzito wa madini, akauacha ukauke. Hati ya uvumbuzi huo ni ya mwaka 1907. Bageti ikiwaka, lile ganda linatoa gesi inayofukuza hewa, halafu linageuka gamba gumu linalofunika chuma mpaka itulie. Ndilo gamba ambalo mafundi wetu wanaligonga kwa nyundo ndogo wakimaliza. Mnaposikia tok-tok-tok kando ya soko, mnasikia kazi ya Kjellberg. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilijitengenezea chombo chake, ESAB IV, kilichoungwa chote kwa kusudere, bila riveti.

Mwaka 1922 Kjellberg alianzisha kampuni ingine Ujerumani, ambayo inajulikana kwa jina la mji wa Finsterwalde. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1931. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, kiwanda kilibaki upande wa Ujerumani ya Mashariki na kikawa mali ya serikali. Hakikufa. Kuanzia 1959 mafundi wake walishika kazi mpya, ya kukata chuma kwa plasma, yaani gesi iliyopashwa umeme mpaka inakata bamba nene kama kisu kinavyokata ndizi. Serikali ile ikaanguka, mipaka ikabadilika, na kiwanda bado kinatengeneza mashini za kukata na kusudere.

Sisi tuliorudi tunajua mambo hayo. Wengi wetu tulikuta nyumba bila milango, karakana bila vyombo. Kile ambacho hakuna aliyeweza kutunyang'anya njiani ni ufundi ulio mikononi.

Sasa turudi kwa baba yetu. Posti peke yake haiungi kitu. Hapa Kindu mvua ni mingi, na bageti iliyolala kwenye unyevu inaleta matundu yaleyale ambayo Kjellberg aliyakimbia. Kijana asiyefundishwa kuikausha na kuifunika atatengeneza baiskeli ya mama anayesukuma mchele kutoka kijijini. Ikivunjika njiani na mzigo, hasara ni ya mama.

Na kuna macho. Mwaka jana kijana wetu mmoja alikuwa anafundishwa kwenye karakana moja ya mjini, na miwani ya jua tu usoni. Usiku alilia kama mtu aliyemwagiwa mchanga machoni. Siku tatu hakufanya kazi. Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini mwangaza ule ukirudi mara kwa mara unaharibu jicho, na kofia yenye kioo cheusi bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya posti.

Basi, baba, hesabu yetu ndiyo hii: posti moja ambayo vijana wanaitumia kwa zamu na kujua wanachofanya itatufikisha mbali kuliko mbili zinazotoa kazi mbovu. Pesa ya zamu za kwanza iko ndani ya kisanduku, na daftari liko wazi kwa kila mwanamemba. Kisanduku kikitosha, ya pili tutainunua, na tutawaita wote mje kuiona ikiwaka. Msiitazame bila kioo.