Daftari la Wageni na Jasho la Wapagazi

 

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Juma hili nataka tuulizane: je, na jasho nalo likikosa daftari, hupotea vivyo hivyo?

Nilipokuwa mwanafunzi wa stashahada ya uandishi wa habari, likizo moja nilipata kibarua katika kampuni ya kutembeza watalii mjini Moshi. Sitaitaja jina. Kazi yangu ilikuwa kuandika risiti, kuchemsha chai, na kulitunza daftari la wageni. Kila mgeni aliyeshuka Kilimanjaro aliketishwa kwenye kiti cha foronya safi, akapewa soda na kalamu, akaombwa aandike ameionaje safari yake. Nami nilikuwa nikilisoma daftari lile mchana kutwa. Wageni walisifu mawio ya jua, supu ya mpishi na uvumilivu wa kiongozi wao. Mara nyingi kiongozi alitajwa jina. Wapagazi wakitajwa, waliitwa wapagazi tu.

Siku moja alishuka mgeni amejaa furaha, akaandika ukurasa mzima kwamba mambo yote yalikwenda sawasawa. Saa ile ile, kwenye mlango wa nyuma, alikuwa amekaa kijana mmoja katika wale waliombebea mizigo. Vidole vya miguu vilikuwa vimemvimba kwa baridi, kwa sababu alipanda mlima kwa raba za turubai. Mhasibu alikuwa amemkata ujira kwa ajili ya taa iliyovunjika njiani. Mimi, kwa ujana wangu, nikamwuliza kama angependa naye aandike kitu katika daftari. Akacheka, akaniambia: "Kaka, kwani mimi ni mgeni?"

Maneno hayo nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini. Yamenifanya nivisome vitabu vya wasafiri wa zamani kwa jicho jingine. Maana biashara hii ya kumpokea mgeni, kumtafutia watu wa kumwongoza na kumbebea, haikuanza na magari ya Arusha wala ndege za Zanzibar. Ilikuwapo Bagamoyo kabla mzungu yeyote hajatawala hapa.

Hebu twende Bagamoyo, mwezi Februari mwaka 1871. Ametua pale Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, anakwenda bara kumtafuta Dokta Livingstone. Ana nguo, shanga, waya, bunduki na mashua. Hana watu wa kubeba. Bagamoyo mgeni hakuweza kusimama sokoni akapiga kelele wapagazi wakaja. Alihitaji mtu wa kati anayeaminika kwa Wanyamwezi wateremkao pwani na misafara ya pembe, mtu aliyejua bei na aliyekuwa na mali ya kutanguliza. Stanley akaelekezwa kwa kijana wa Kihindi aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Kitabuni mwake ameliandika jina lake kwa namna ya kuchekesha kidogo, Soor Hadji Palloo. Sisi tunamjua kwa jina la Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851.

Ukikisoma kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 utaona jinsi alivyomlalamikia kijana yule. Wapagazi wanachelewa, bei ya nguo haieleweki, hesabu ya jana hailingani na ya leo. Kwa kifupi, ni malalamiko yale yale ambayo mtalii wa leo huyapeleka kwenye ofisi ya kampuni akiona gari limechelewa na bili imeongezeka. Hata hivyo wapagazi walipatikana. Kundi la kwanza liliondoka tarehe 18 Februari, na la mwisho, likiwa na Stanley mwenyewe, tarehe 21 Machi. Jumla yao walikuwa watu wapatao 190. Mwezi Novemba mwaka ule ule akafika Ujiji, akamkuta Livingstone, na jina lake likaenea duniani kote.

Basi hapo tunayo kauli ya mteja juu ya wakala. Kauli ya wakala juu ya mteja hatunayo, wala kauli ya wapagazi juu ya wote wawili. Na wapagazi walikuwa na mengi ya kusema. Stanley alikuwa mtu wa kiboko, na wala hakuficha. Aliandika mwenyewe jinsi alivyowachapa na kuwafunga waliotoroka. Katika vitabu vya wasafiri wale, neno "mtoro" limejaa tele. Lakini mara chache mwandishi hujiuliza mtu anatoroka nini. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa kazi yake, mwenye mapatano na ujira wake wa nguo, na kwao Unyamwezi kijana ambaye hajawahi kushuka pwani na mzigo alihesabiwa bado hajakomaa. Mtu wa namna hiyo akitupa mzigo usiku akaingia porini, huenda naye alikuwa anaandika maoni yake juu ya safari, ila aliyaandika kwa miguu.

Yuko mmoja aliyetajwa jina mara nyingi kuliko wenzake wengi: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, akakamatwa utotoni na kuuzwa utumwani, akafikishwa India, na baada ya kupata uhuru akarudi pwani yetu. Aliwaongoza Burton na Speke mwaka 1857, akaenda tena na Speke na Grant mwaka 1860, akawa mkuu wa askari wa Stanley mwaka 1871, kisha akafuatana na Cameron, ambaye alivuka bara letu kutoka mashariki hadi magharibi, akamaliza mwaka 1875. Hebu fikiri, msikilizaji: katika wasafiri wote hao, hakuna hata mmoja aliyeiona Afrika kwa miguu kama alivyoiona yeye. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha, na baadaye kikampa pensheni. Alifariki mwaka 1885. Wale aliowaongoza waliandika vitabu vinene, na ndani ya vitabu hivyo siku nyingine anasifiwa kwa uaminifu, na siku nyingine anapigwa ngumi. Kitabu cha Bombay mwenyewe hakipo.

Sasa turuke miaka. Tarehe 21 Aprili mwaka 1909 inatia nanga Mombasa meli yenye mgeni mkubwa, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwezi uliotangulia. Amekuja na mwanawe Kermit kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Safari hii iliandaliwa na kampuni hasa, yenye ofisi Nairobi, iitwayo Newland, Tarlton na Kampuni, iliyoanzishwa na watu waliotoka Australia. Kampuni hiyo ilimtayarishia mgeni kila kitu: hema, chakula, chumvi ya kukaushia ngozi kwa tani, na wapagazi zaidi ya 200. Anwani yake ya simu za maandishi huko London ilikuwa neno moja la Kiswahili: "Wapagazi". Walijua wenyewe kwamba biashara yao yote imesimama juu ya vichwa vya nani.

Roosevelt alikuwa mteja aliyeridhika. Aliisifu kampuni na wawindaji wake wazungu, Cuninghame na Leslie Tarlton. Yeye na mwanawe waliua wanyama 512 kwa bunduki zao, hesabu ambayo leo inamtia mtu kizunguzungu. Na hapa nampa haki yake: katika kitabu chake aliwataja kwa majina watumishi waliokuwa karibu naye. Wabeba bunduki wake walikuwa Muhamed na Bakari. Mtumishi wa hemani alikuwa Ali. Mmoja wa watunza farasi alikuwa Hamisi. Lakini wale zaidi ya 200 waliobeba mizigo ya ratili 60, yaani kilo 27 hivi, kwa sehemu kubwa wamebaki ni msururu tu wa watu waimbao wakiingia kambini.

Pamoja na hayo, msikilizaji, katika kitabu hicho hicho kuna kitu ambacho Roosevelt alikiandika kama kichekesho, nami nakiona ni hazina. Ameandika majina ambayo wapagazi waliwapa wageni wao. Yeye alikuwa Bwana Mkubwa. Mwanawe, aliyependa kujipamba, wakamwita Bwana Maridadi. Cuninghame, mwenye madevu, akaitwa kwa madevu yake. Na yule mtaalamu aliyeshinda akichuna na kukausha wanyama akaitwa Bwana Ngozi.

Haya ndiyo daftari la wapagazi! Hawakuwa na kalamu, lakini walikuwa na macho, na walikuwa na Kiswahili. Mgeni alipodhani anawatazama wao, wao walikuwa wamekwisha mtazama yeye, wakampima, wakampa jina lililomkaa kama kanzu iliyoshonwa kwa fundi. Na mgeni, bila kujua, akayachukua maoni yao akayachapisha New York. Kazi yetu sisi wa leo ni kuyasoma maoni hayo yalipojificha: katika majina, katika nyimbo za njiani, hata katika hesabu za watoro.

Narudi sasa kwa Sewa Haji, maana stahili yake sijaimaliza. Yule kijana aliyelalamikiwa mwaka 1871 alikua akawa mmoja wa wakubwa kabisa katika kazi ya kuajiri wapagazi hapa pwani. Alitajirika, na utajiri huo ulitoka kwenye mabega ya Wanyamwezi, hilo hatulifichi. Lakini alijenga shule Bagamoyo kwa watoto wa rangi zote, na alitoa fedha za hospitali. Hospitali ya Sewa Haji ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1897, mwaka aliofariki, na kwa miaka mingi ndiyo iliyowatibu Waafrika wa mji huu. Ilipojengwa hospitali mpya mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili, jina lake lilihamia kwenye wadi. Mpaka leo watu husema, "Mgonjwa wetu amelazwa Sewahaji." Mimi mwenyewe nimemuuguza shangazi yangu pale. Niliwauliza jamaa wa wagonjwa wawili watatu kwenye benchi kama wanajua Sewahaji ni nani. Mmoja alidhani ni jina la kijiji.

Ikiwa tajiri aliyejenga hospitali amesahauliwa na watu walioketi chini ya jina lake, mpagazi wake atakumbukwa na nani?

Leo mambo si kama zamani. Sheria ya hifadhi ya Kilimanjaro inataka mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Yako makampuni yanayolipa vizuri na kuwavisha watu wao. Yako na mengine ambayo raba za turubai bado zinapanda mlima wa mita 5,895. Mgeni anayetaka kujua amesafiri na kampuni ya namna gani asitazame supu peke yake. Atazame miguu ya watu waliomtangulia njiani, na aulize majina yao.

Nasi wenyeji tunalo la kufanya. Nayaomba makampuni ya Moshi na Arusha, kwa unyenyekevu kabisa: mnapoliweka daftari la wageni pale mapokezi, wekeni na la pili. Safari ikiisha, mpagazi naye aketi kwenye kiti kile kile, apewe soda na kalamu, aandike jina lake kamili, alichobeba, alicholipwa, na mgeni alikuwa mtu wa namna gani. Baada ya miaka mia moja, mtoto wa mtu atataka kujua babu yake alikuwa nani katika ule msururu, na hatakuwa na haja ya kumwuliza Roosevelt.

Yule kijana wa mlango wa nyuma nilimwuliza jina siku ile. Alinitajia, nami nikalisahau. Sikuwa nimeliandika mahali popote.