Kuni Zilizojileta Zenyewe

Katika utendi wa Mwindo, ambao Wanyanga wa Walikale, mashariki mwa Kongo, wameutamba vizazi na vizazi, kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka wakikimbilia vita na maajabu makubwa. Kabla shujaa hajazaliwa, mama yake, mke kipenzi wa chifu Shemwindo wa Tubondo, amechoshwa na mimba isiyotaka kufika mwisho. Siku moja mzigo wa kuni unatua mlangoni pake na hakuna aliyeuleta. Kisha mtungi wa maji unakuja wenyewe. Kisha mboga. Ni mtoto aliye tumboni anayemfanyia mama kazi. Mbele zaidi, Mwindo aliposhuka kuzimu kumsaka baba yake, Muisa, mtawala wa huko, alimwamuru apande shamba la migomba, na zana zikafanya kazi peke yake: panga zikafyeka, shoka zikaangusha miti, migomba ikajipanda na kuzaa siku hiyohiyo. Nionavyo, hizi hadithi za kuikimbia dunia, ambazo watu wazima wenye heshima zao huziita porojo, katika nchi hii zimeota kwenye mgongo wa mama mwenye kazi nyingi. Kilichomzuia mama huyo kuziandika mwenyewe kina historia yake, na historia hiyo inajulikana.

Tuanze na mgongo wenyewe. Mpakani mwa Masisi na Walikale, pande za Mpofi, njia hupanda na kushuka kati ya mashamba ya ndizi na mihogo na msitu unaoanza upande wa magharibi. Mwanamke hubeba mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yako chini kwenye tope. Kwa desturi ya zamani mwanamume aliangusha miti na kutega mitego. Kupanda, kupalilia, kuvuna, kuchota maji, kutafuta kuni na kupika vikabaki kwa mama, na mtoto mdogo alikuwa mzigo juu ya mizigo. Sasa rudi kwenye utendi uhesabu vilivyojileta mlangoni: kuni, maji, mboga. Mtambaji angeweza kuonyesha uwezo wa mtoto kwa njia yoyote, kwa radi au kwa chui aliyefugika. Akachagua safari tatu za kila siku za mwanamke. Hakuna msikilizaji wa kike aliyehitaji kufafanuliwa.

Atakayepinga atasema: lakini mtambaji alikuwa mwanamume. Kweli. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, Shé-Karisi Rureke aliimba na kusimulia kwa siku 12 mfululizo, huku Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika kwa mkono. Kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969. Utambaji wa karisi, yaani utendi kwa Kinyanga, ulikuwa fani ya wanaume, wakirithishana kwa kufundishwa. Lakini mtambaji si mwenye hadithi peke yake. Utendi wa namna hii huimbwa mbele ya kijiji kizima, nao wasikilizaji hupiga makofi, huitikia na kumtuza mtambaji. Kinachowagusa hubaki, kisichowagusa hudondoka njiani. Na kabla mvulana hajakaa miguuni pa mtambaji bingwa, alikuwa amelala miaka kadhaa kando ya moto akisikia hadithi za jioni za mama na za bibi. Wanyanga wana ngano nyingi za namna hiyo mbali na tendi, na mtoto huzipokea kwanza jikoni.

Basi kwa nini jina la mama huyo halimo kwenye jalada? Hapa lawama naiweka shuleni. Kijana wa Kinyanga, Kahombo Mateene, alipata kalamu: jina lake liliwekwa pamoja na la Biebuyck kitabuni, naye akaja kuwa mwanaisimu na kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala. Wasichana wa rika lake walipewa sindano. Elimu ya wasichana katika Kongo ya Mbelgiji ililenga kutoa wake wema wa waume waliosoma; mijini, vituo vya jamii vilivyoitwa foyers sociaux vilifundisha kushona, kupika, kupiga pasi na kulea. Ukimfunza mtu miaka mingi kuongeza ustadi wa kazi zilezile ambazo ndoto yake inazikimbia, usishangae kwamba ndoto hiyo inaandikwa na kaka yake.

Penye kalamu mambo yalikwenda vingine. Ng'ambo ya ziwa Viktoria, nchini Kenya, mwandishi Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930, alisomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi, akaolewa, akalea watoto wanne, na bado akaandika. Alichoandika ndicho cha kutazama. Katika mkusanyo wake wa mwaka 1968, Land Without Thunder, imo hadithi ya Oganda, binti wa chifu anayepelekwa ziwani atolewe kafara kwa zimwi ili mvua inyeshe. Ni ngano ya Kiluo ya kale. Oganda haliwi: mpenzi wake Osinda anamwahi njiani, wanatoroka, na mvua inanyesha vilevile. Mkunga aliyeona wodini uchungu wa kutosha hakulazimika kuandika ripoti ya wodi. Alichukua hadithi ya kutoroka na ndani yake akauliza swali zito kuliko ripoti nyingi: kwa nini jamii idai mwili wa msichana ndipo ipate maji?

Kuna pingamizi nzito zaidi. Mwaka 1993 mauaji yalianzia kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi, na tangu hapo watu wa milima hii wamekimbia kwa miguu mara nyingi kupita kiasi. Mbele ya kambi na mahema, hadithi ya kuni zinazotembea inaweza kuonekana anasa, au hata tusi. Kinachotakiwa, watasema, ni ushahidi. Ushahidi unatakiwa, sikatai. Lakini wanaoudai wanamgeuza mama wa Mpofi kuwa shahidi wa maafa tu: kila anayefika na daftari humuuliza alipoteza nini, na ni wachache wanaomuuliza anawaza nini. Na utendi wenyewe unawajibu. Mwindo anapelekwa mbinguni, anapigwa na baridi na mvua na jua, kisha anarudishwa kijijini, na anaporudi anatoa sheria: limeni vyakula vya aina nyingi, jengeni nyumba nzuri, acheni ugomvi, msimcheke mgonjwa anayepita. Safari ya ajabu imemleta kwenye shamba na nyumba, kule kule alikotoka mama yake. Sijui ripoti iliyoeleza kwa ufupi zaidi kile ambacho vita vimeharibu.

Hata muda si kisingizio cha kutosha. Mama mwenye kazi nyingi hutunga akiwa anamenya muhogo au anatwanga sombe. Mikono ina kazi, kichwa kiko huru. Anachokosa ni mtu wa kushika kalamu saa ile, au simu ya kurekodi. Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu na vijana wa Masisi na Walikale wenye simu mfukoni: kabla hamjamuuliza mama yenu habari za vita, mwombeni hadithi, kwa Kinyanga, Kihunde au Kiswahili, muiandike kama alivyoisema, na akikubali, jina lake liwe la kwanza juu ya ukurasa.