Bunduki nne zilizoshindwa kuizidi M16

Tumezoea kusikia kwenye taarifa za habari kwamba jeshi fulani limepata silaha mpya. Ni mara chache tunaelezwa silaha hiyo ililinganishwa na nini. Leo tunaangalia shindano moja la Marekani ambalo halikupata mshindi.

Mwaka 1986 jeshi la nchi kavu la huko lilianza kutafuta bunduki ya kurithi M16A2. Sharti lilikuwa gumu: askari apate shabaha angalau mara mbili ya anavyopata kwa M16A2. Hoja yao ilikuwa kwamba vitani mtu ana hofu, anahema, mikono inatetemeka, na hata hodari wa kulenga kambini hukosa. Basi anapovuta kifyatulio mara moja, zitoke risasi zaidi ya moja, au risasi iende kasi mno.

Bunduki nne zilifika kwenye uwanja wa majaribio Fort Benning, jimbo la Georgia, mwaka 1989 na 1990. Colt ilipanga risasi mbili ndani ya ganda moja. AAI ya Marekani na Steyr ya Austria zilirusha vishale vyembamba vya chuma.

Iliyotushangaza zaidi ni G11 ya Heckler & Koch ya Ujerumani. Risasi yake haikuwa na ganda la shaba. Baruti ilifinyangwa kuizunguka, ikawa nyepesi na askari akaweza kubeba nyingi. Ilitoa tatu kwa haraka kiasi kwamba zote zilikuwa zimeshatoka kabla bega halijahisi teke. Lakini ganda la shaba lina kazi ambayo wengi hatuifikirii: likirushwa nje huondoka na joto. Bila ganda, joto hubaki ndani, na baruti za mwanzo zililipuka zenyewe bunduki ikishachemka. Ilibidi baruti nyingine itengenezwe.

Hakuna hata moja iliyofikisha lile sharti la mara mbili. Mpango ulifungwa baada ya kutumia dola zinazokadiriwa kuwa milioni 300, na Marekani ikabaki na ukoo wa M16. G11 nayo haikuenea hata kwao: Ujerumani mbili ziliungana mwaka 1990, fedha zikaelekezwa kwingine, na baadaye jeshi lao likachukua G36 ya kampuni hiyo hiyo, yenye risasi za kawaida za ganda.